Gereji ya dizeli Vingunguti: ninakopeleka Coaster tuliyoigeuza nyumba

Gari letu ni Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na ujazo wa sisi 4,164, ambayo mimi na mume wangu tuliing'oa viti tukaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200 na sola juu ya paa. Katika Dar es Salaam, jiji ambalo Coaster zimebeba abiria wa daladala kwa miaka mingi, mafundi wanaoijua injini hii hawakosekani. Anayekosekana ni fundi anayepima kabla ya kufungua, na ambaye haogopi, wala hadharau, ile nyumba iliyo nyuma ya dereva.

Shida yetu ilianza kwa gari kugoma kuwaka asubuhi, kisha katika safari ya Iringa likapanda mlima wa Kitonga kwa kusuasua huku likitoa moshi mweusi. Gereji ya kwanza tuliyoiendea tuliporudi, ambayo sitaitaja, ilisikiliza mlio wa injini kwa dakika chache tu na kutuambia ishushwe yote, ibadilishwe pistoni na ringi. Kwa kuwa moshi mweusi maana yake ni dizeli isiyoungua yote, ama kwa sababu hewa ni ndogo au dizeli imezidi na haipulizwi vizuri, nilishangaa kwamba hakuna aliyefungua hata kifuniko cha chujio la hewa.

Gereji ya Vingunguti, ndani kidogo kutoka Barabara ya Nyerere ambayo wengi bado tunaiita Pugu Road, ilianzia hapo hapo. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi. Baada ya kulibadilisha, fundi mkuu aliunganisha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya chujio la dizeli na pampu, akawasha, na sote tukaona mapovu yakipita. "Dada, injini hii haijafa, inavuta hewa," aliniambia, kisha akanionyesha pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, ambayo mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka. Usiku hewa iliingilia hapo, dizeli ikarudi taratibu kwenye tangi, na asubuhi stata ikawa inazungusha injini isiyo na mafuta. Baadaye alipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote 6 akazikuta sawa, kwa hiyo zile pistoni tulizoambiwa tununue hazikuwa na kosa lolote.

Kilichonifanya niwaamini zaidi ni kwamba walikiri hawana mashine ya kupimia nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, wakanielekeza kwa fundi wa pampu Gerezani, na wakamtuma kijana wao aende nami. Kule nozeli 4 zilipuliza dizeli kama ukungu, lakini 2 zilidondosha matone, na ni hizo 2 tu nilizolipia. Spea za 1HZ si tatizo Kariakoo, maana injini hiyo hiyo imo katika Land Cruiser nyingi. Ila nenda na ile kuukuu mkononi ulinganishe, kwa kuwa za bandia zimechanganyika na za kweli.

Upande wa nyumba ndiko gereji nyingi zinakoharibu, na hapa nitakaa kidogo. Coaster yetu, kama nyingi zitokazo Japani, inatumia volti 24 kutoka betri 2 zilizounganishwa mfululizo, ilhali taa na friji yetu ni vya volti 12. Fundi umeme mmoja, wa kwingine, aliwahi kutuchukulia volti 12 kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Betri hiyo ikawa inaishiwa kila siku huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zikafa. Vingunguti waliona kosa hilo bila kuulizwa, wakang'oa waya ule, na kutushauri tuweke kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Vilevile walitutaka tumwage maji ya tangi kabla ya kupiga jeki, na walipohitaji kuchomelea kishikio cha egzosi walihakikisha mtungi wa gesi umetolewa na kuwekwa mbali. Hakuna gereji nyingine iliyowahi kuniuliza habari za mtungi.

Kasoro zipo. Eneo lao halina paa linalotosha gari refu kama letu, hivyo wakati wa masika kazi husimama na matope huingia hadi kwenye zulia. Siku 2 tulizoahidiwa zilikuwa 4, na hakuna aliyepiga simu kutueleza. Kwa mtu ambaye gari lake ndilo kitanda chake, jambo hilo ni zito, nami nilimwambia fundi mkuu hivyo. Fika kabla ya saa 2 asubuhi, na uombe makubaliano ya bei yaandikwe kabla ya kuacha ufunguo.

Mkanda wa taimingi wa injini hii, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugonga pistoni. Wetu umebakiza kilomita 3,000. Mkanda mpya nimeshaununua, na tutaupeleka Vingunguti mvua zikikatika.