Kiwashio cha kale cha Tibet: chuma ni cha kweli, marijani si marijani

Mimi ni fundi wa vyuma Kamukunji, Nairobi, kwa hiyo kitu kama hiki nakikagua kuanzia pale kinapofanyia kazi. Nimekinunua duka moja la vitu vya kale mitaa ya Ngara, shilingi 6,500. Mwenye duka alianzia 9,000.

Ni kipochi cha ngozi kinachoenea kiganjani, cha aina ambayo wafugaji wa Tibet na Mongolia waliining'iniza kwenye mshipi. Ndani hukaa jiwe la gumegume na kitu chepesi cha kushika cheche. Chini kimepigiliwa bapa la chuma kigumu lililopinda kidogo, na hilo ndilo linalogongwa.

"Mama, naomba nikijaribu."

"Hicho ni cha kupamba ukuta, fundi," akasema, lakini akaniachia. Nikapitisha tupa kwenye ukingo: ikateleza, haikuuma. Basi chuma kina kaboni ya kutosha, na aliyekifua alikipoza ghafla vizuri kilipokuwa chekundu. Chuma laini utakigonga mpaka jioni usipate kitu, maana cheche hazitoki kwenye jiwe. Ni chembe za chuma zinazokwanguliwa na jiwe, zikaungua hewani. Nyumbani nilichoma kitambaa cha pamba ndani ya kopo lililofunikwa hadi kikawa cheusi, nikagonga juu yake. Cheche moja ikatua, doa jekundu likaanza kutambaa, nikapuliza juu ya nyasi kavu. Moto! Viberiti vya msuguano vinauzwa tangu 1827, na bado chuma hiki kinafanya kazi yake.

Juu kuna bamba la fedha lenye majoka mawili yaliyoinuliwa kwa kugongwa kutoka nyuma. Magamba hayalingani, na hapo ndipo unapouona mkono wa mtu. Inaniuma kwamba kuna aliyelipitishia mashine ya kung'arisha hadi pua za majoka zikafutika. Jiwe jekundu la katikati niliambiwa ni marijani. Ni plastiki, na gundi yake ya juzi imevuja pembeni. Feruzi mbili za kando nimeridhika nazo.

Nilimuuliza kama ana ulindi na ulimbombo, vijiti vya kupekechea moto ambavyo Wamaasai huwashia moto wa rika jipya. Hana, wateja hawaviulizii. Duka la Nairobi lingepaswa kuwa navyo, hata kama havina fedha wala joka.

Ukienda kutafuta cha kwako, beba tupa ndogo na gumegume lako, kwa sababu lililomo huenda limechakaa kama la kwangu. Na kabla hujalipa, mwambie mwenye duka asikisugue.