Nyatiti kwenye spika ndogo: uzoefu wangu na En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada

Hii si albamu ya matatu. Besi ya gari lolote la Jogoo Road, Nairobi, itaimeza kabla hujafika City Stadium, na utashuka ukilalamika kwamba huyu bwana anaimba kwa uvivu. Isikilize nyumbani, usiku, jirani wa juu akishamaliza kuburuta viti. Nasema mapema kwa sababu rafiki zangu kadhaa niliowasifia albamu hii waliisikiliza njiani, kisha wakaniuliza kama ni hiyo hiyo.

En Mana Kuoyo ilitoka mwaka wa 1993 chini ya Real World, kampuni ya kurekodi ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Ina nyimbo kumi. Katikati ya zote yuko Ayub Ogada na nyatiti yake, ala ya Wajaluo ya nyuzi nane. Midundo ipo, na wenzake wanaitikia hapa na pale, lakini wamekaa nyuma kwa adabu. Hakuna anayegombea nafasi.

Ayub, jina la kuzaliwa Job Seda, alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, na kabla ya albamu hii Nairobi ilikuwa inamjua vizuri. Alikuwa na bendi ya Black Savage miaka ya 1970, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyotokana na duka la sanaa la Alan Donovan. Hata kwenye filamu ya Out of Africa ya 1985 yumo. Baadaye akahamia Uingereza na nyatiti yake, akawa anawapigia wapita njia wa London, pamoja na wale wa vituo vya treni za chini ya ardhi. Watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia, na mwaka wa 1988 akapanda jukwaa lao.

Mimi nadhani hizo siku za kupigia wapita njia ndizo zilizoifanya albamu iwe ilivyo. Mtu anayeimba mahali pa kelele ana njia mbili: apaze sauti kuwashinda wanaopita, au aishushe mpaka anayetaka kusikia asogee. Ayub anashusha. Hata nikiwa peke yangu chumbani najikuta nimeinama kuelekea spika, na sauti nimeshaiongeza vya kutosha.

Wengi wetu tulimfikia kupitia Kothbiro. Wimbo huo ulitumiwa kwenye The Constant Gardener, filamu ya 2005 iliyopigwa sehemu yake Kibera, na tangu hapo umeingia kwenye video za kila aina, hasa za mazishi. Vijana nao walikuja mwaka wa 2018, Kanye West alipochukua kipande cha Kothbiro na kukitia kwenye wimbo wake. Kumbuka tu kwamba alichochukua ni rekodi ya zamani ya Black Savage. Ukiitafuta ile hapa hutaipata. Hii imepunguzwa mwendo na kubaki na mifupa yake.

Na unazungumzia nini? Mvua inakuja, Auma, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi. Niliambiwa na jirani yangu, mzee wa Ugenya ambaye ploti nzima tunamwita Jaduong'. Stima ilikuwa imepotea, milango yote iko wazi kwa ajili ya hewa, nami nilikuwa nacheza albamu kwenye spika ndogo ya betri. Akaja na kiti chake bila kualikwa, jambo ambalo ni haki yake.

"Kijana wangu, huu ndio wimbo watu wanalilia kwenye sinema?"

"Ndio huu, Jaduong'."

"Wanalilia ng'ombe?"

Tulicheka, lakini hakuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho na akawa na malalamiko yake, ambayo yamenisaidia kuelewa albamu kuliko maelezo yote niliyosoma. Kwao, alisema, mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda cha chini kabisa, ana njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na hiyo pete huigonga mbao ya nyatiti mpaka unaisikia ukiwa nje ya boma. "Huyu wako anapiga kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto." Halafu akauliza sifa ziko wapi. Jathum wa kweli, yaani mpiga muziki, akiwa matangani au kwenye pombe, humtaja mwenye sherehe, humtaja mkwe wake, humtaja na aliyekuja na gari, mpaka mtu atoe pesa.

Ana haki, sifa hizo hazipo. Ila kwangu hapo ndipo penye utamu. Ayub amemwondoa mwenye sherehe. Hakuna wa kusifiwa wala wa kutoa noti, kwa hiyo wimbo unabaki kati yako na yeye. Kwa anayetaka nyatiti ya matangani, albamu hii itamwacha na njaa, na ni afadhali aende kuisikiliza huko huko Siaya.

Mimi si Mjaluo, na masikio yangu yalilelewa na benga ya redioni. Inajulikana kwamba gitaa za benga, za kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, zilijifunza kudonoa kutoka kwa nyatiti. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama habari tu. Kwenye Obiero, wimbo wa kwanza, nililisikia: donoa donoa ile ile niliyoizoea, lakini bila besi, na bila ile haraka ya kuwainua watu wakacheze. Nyuzi za chini zinavuma, za juu zinajibu, na sauti inapita katikati yake. Dala inafuata na mimi naipenda kuliko Kothbiro, ingawa najua nitapingwa.

Sasa kasoro. Nyimbo zinazunguka. Mstari mmoja unaweza kurudi na kurudi, na kama huelewi Dholuo, lugha ya Wajaluo, katikati ya albamu kuna mahali utaangalia simu. Mimi huangalia. Programu ya muziki niliyoanza nayo haikuwa na maneno ya nyimbo, na lile toleo lake la bure lilinikatiza kila mara kwa matangazo ya kamari. Hebu fikiria: mtu ametoka kunong'ona kuhusu mvua, mara kijana anakupigia kelele uweke dau. Nikaamua kulipia, na ninashauri hivyo hivyo. Tena ukishalipia, pakua nyimbo zote ukiwa na Wi-Fi, uokoe bando.

CD nililetewa na binamu yangu kutoka Uingereza, maana madukani hapa mjini sikuiona. Tofauti ipo. Si kubwa sana, ila kwenye CD ule mvumo wa nyuzi za chini unasikika wote, na hata pumzi yake kabla ya mstari. Muhimu zaidi ni unachosikilizia. Vile vipokea sauti vya masikioni vinavyouzwa barabarani huchongoa nyuzi za juu na kuzitupa za chini, hivyo nyatiti nzima inageuka kuwa kitu cha kukwaruza. Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote, au spika hata ndogo, lakini iweke juu ya meza ya mbao. Nilipoitoa yangu sakafuni kwenye simiti na kuipandisha mezani, ilikuwa kama nimenunua nyingine.

Albamu ni ya kusikiliza yote kwa mpango wake. Ukiichanganya na nyimbo nyingine kwenye orodha, inaumia: kinachokuja baada yake kinasikika kama fujo, nayo inasikika kama imezimwa nusu. Pia si ya wageni wengi. Niliwahi kuicheza watu wakila, na ndani ya dakika chache kuna aliyeomba kitu "chenye uhai". Nikabadilisha, sikumlaumu.

Kwa aliyekwisha kuipenda na anatafuta zaidi, kuna Kodhi ya 2015, aliyofanya na mpiga gitaa Trevor Warren baada ya kurudi kuishi Kenya, miaka michache kabla hajafariki mwaka wa 2019. Humo gitaa limepewa nafasi kubwa, na yeye mwenyewe unamsikia ni mtu mzima zaidi. Nzuri, na kuna jioni ninazoichagua. Ila kama pesa uliyo nayo ni ya albamu moja, chukua hii ya 1993, anza na Obiero, na Kothbiro isubiri zamu yake.