Quest 2, Quest 3S au Quest 3? Pima macho kwanza ndo utoe pesa

Asalaam alaikum jamani, karibuni. Leo nipo nyumbani hapa Kikwajuni, mkisikia feni mnisamehe, maana kwa fukuto hili bila feni hichi kitu hakivaliki. Mezani nna miwani za VR tatu, zile unazovaa usoni ukajiona umo ndani ya gemu, Quest 2 yangu mwenyewe, Quest 3S ya binamu yangu, na Quest 3 nimeazimwa siku nne, na zote nshazivaa mpaka zimeniacha alama usoni.

Sasa watu wakinitumia meseji wanauliza memori ngapi, gemu ngapi, betri inakaa saa ngapi (saa mbili na kitu, zote hizo, basi), lakini hakuna anayeuliza lenzi zitakaaje na macho yake. Yakhe, nafasi baina ya mboni na mboni hatulingani! Miye nna milimita 64, mdogo wangu wa kike ana 55. Chukua rula simama mbele ya kioo, fumba jicho la kulia, sifuri iweke usawa wa mboni ya kushoto, halafu bila kutikisa rula fumbua la kulia ufumbe la kushoto, usome namba ilipo mboni ya kulia. Hiyo namba iandike kwenye simu yako kabla hujamuuliza mtu bei.

Kwa sababu Quest 2 na Quest 3S lenzi zake unazisogeza kwa hatua tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina kigurudumu kwa chini unakizungusha, toka 53 mpaka 75. Mdogo wangu kila akivaa Quest 2 yangu dakika kumi anavua, kichwa kinamzunguka, tukadhani gemu, tukabadilisha gemu, vile vile, mwisho akasema mambo haya si yake. Juzi nikamvisha Quest 3 nikawa namzungushia kile kigurudumu polepole polepole, mara akanishika mkono, "kaka hapo hapo, usiguse." Akakaa nusu saa nzima. Wallahi nilisikitika, mwaka mzima mtoto anaumwa kichwa kwa kitu cha milimita tatu.

Na lenzi zenyewe si sawa. Za Quest 2 na 3S ukizitazama karibu zina miduara miduara, maandishi unayaona vizuri katikati tu, pembeni yanafifia, na kitu cheupe kwenye giza kinatoa michirizi ya mwanga. Za Quest 3 ni nyembamba, unageuza jicho tu unasoma mpaka ukingoni. Pikseli nazo, Quest 2 na 3S ni 1832 kwa 1920 kila jicho, Quest 3 ni 2064 kwa 2208, lakini miye nakwambia tofauti kubwa unayoiona inatoka kwenye lenzi.

Ila 3S msiidharau. Ndani ina prosesa ile ile ya Quest 3, na unaona chumba chako kwa rangi ukiwa umeivaa, nimenyanyua kikombe cha kahawa nikanywa bila kumwaga, kwenye Quest 2 chumba ni cheusi na cheupe kama TV za zamani. Ilitoka 2024 kwa dola 299, Quest 3 ilitoka 2023 kwa dola 499, hizo bei za Marekani, mzigo ukipitia Dubai au pengine weka na gharama za njiani. Kama rula imekupa 62, 63, 64, chukua 3S wala usijiulize mara mbili.

PlayStation VR2 skrini yake ni OLED, giza ni giza kweli, nzuri sana, lakini ina waya na bila mashine ya gemu ya PS5 huna kitu, labda ununue na adapta uichomeke kwenye kompyuta ya nguvu. Vile viboksi vya kutia simu achaneni navyo, unageuza shingo tu, ukipiga hatua picha haikufuati.

Halafu jua, jamani, jua. Miye Quest 2 yangu niliiweka dirishani saa nane mchana, lenzi zimeangalia nje, nimekwenda kusali nimerudi, basi. Lenzi inakusanya jua kama kioo cha kukuzia inaunguza skrini. Hapa jicho la kushoto kuna doa la manjano kama punje ya mtama, kila picha nyeupe nnaliona, na halitoki tena. Kwa hiyo ukinunua mtumba Darajani mwambie muuzaji aiwashe, afungue ukurasa mweupe, tazama jicho moja moja, bonyeza vitufe vyote vya kontrola mbili, na akaunti yake aifute mbele yako.

Mdogo wangu tushakubaliana, tunachanga ya Quest 3 mpaka Sikukuu Kubwa. 3S kwa 55 yake sitomnunulia, hata ishuke bei vipi.