Uzoefu wangu na Buddha Machine, kisanduku cha sauti kutoka Beijing

Wageni wakikiona mezani hudhani ni redio. Buddha Machine ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina spika moja ndogo, betri mbili na vipande tisa vya muziki vilivyowekwa humo humo ndani. Huwezi kukiongezea wimbo, na hakina skrini. Waliokitengeneza ni FM3, yaani Christiaan Virant na Zhang Jian, kundi la Beijing, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2005. Ninalo hilo na la pili, na sijawahi kununua kitu kingine kilichoyafaa masikio yangu namna hii.

Umbo lake limetokana na visanduku vya mahekalu ya Kibuddha vinavyorudia sala mchana kutwa. Watu wa pwani wanaozijua zile spika ndogo za Kurani zinazoachwa zikisoma nyumbani wataelewa mara moja. FM3 wakaweka sauti zao wenyewe: mivumo mirefu, noti mbili tatu za kinanda, kitu kama uzi unaovutwa. Unazungusha gurudumu, kinawaka. Unabonyeza kitufe, kinahamia kipande kinachofuata. Usipokigusa, kipande kile kile kitajirudia mpaka betri ziishe.

Dakika za mwanzo utaona hakuna kinachotokea. Vumilia. Sauti yenyewe ina chengachenga, na spika haina besi kabisa, lakini sikio likitulia chenga hizo ndizo linazozifuata. Raha kamili niliipata nilipoviweka visanduku viwili pamoja, kila kimoja na kipande chake. Kwa kuwa urefu wa vipande haulingani, kila mzunguko hukutana mahali tofauti, na muziki mpya unazaliwa bila mtu kuugusa. FM3 wenyewe walilifanya hilo kuwa onesho: wanaketi mezani wakitazamana, wanapokezana kuweka na kuondoa visanduku.

Nakithamini zaidi kwa sababu ya mazingira kilikozaliwa. Miaka ya 1990 vijana wengi wa China walijifunza muziki wa nje kwa dakou: kanda na CD zilizododa Magharibi, zikakatwa ukingoni, zikasafirishwa kama taka za plastiki, kisha zikaishia kwa wachuuzi wa mitaani. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo panga likipita ukingoni, wimbo wa mwisho ndio unaokufa. Waliokua na muziki wa namna hiyo hawakusubiri kampuni kubwa iwafungulie mlango. Yan Jun, mshairi na mwanamuziki mzaliwa wa Lanzhou, alianzisha Sub Jam, lebo yake ya kutolea muziki, mwaka 1998, ikatoa diski na vitabu. Kuanzia 2005 akawa anaandaa usiku wa muziki wa majaribio kila wiki kwenye baa ya 2 Kolegas, Beijing. Mwaka 2009 mwanamuziki Zhu Wenbo akaanzisha usiku mwingine wa namna hiyo, Zoomin' Night, katika klabu ya D-22, Beijing; baadaye Zoomin' Night yenyewe ikawa lebo inayotoa kanda.

Pamoja na kanda huja vijarida. China, kitabu hakiingii duka la kawaida bila namba rasmi ya uchapishaji, na namba hizo hutolewa kupitia wachapishaji wenye kibali. Kijarida cha fotokopi hakina namba hiyo, hivyo husambazwa mkono kwa mkono, kwenye maonesho na kwenye masoko ya vitabu vya sanaa. Ninacho kimoja, kurasa zimekunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili. Kichina changu hakitoshi kukimaliza, ila kuna mchoro wa chumba unaoonyesha kila spika ilipowekwa na kila msikilizaji alipoketi, nami nimeutazama sana. Mtu aliona inafaa kuweka kumbukumbu hiyo kwa ajili ya watu wachache waliokuwapo. Namheshimu mno kwa hilo.

Bei ya Buddha Machine ni kubwa ukiipima kwa plastiki. Ukiipima kwa saa ambazo kimenikalia mezani nikiandika, ni ya haki kabisa. Anayetaka nyimbo za kuimba asinunue. Anayependa kusikiliza taratibu atafute toleo la pili, la 2008: lina vipande tisa vipya na gurudumu la kuifanya sauti iwe nyembamba au nzito, jambo ambalo la kwanza halina. Na mfuko ukiruhusu, chukua viwili kwa mpigo.