Kadi ya grafiksi ya bei ya kati: tazama kipoza kabla ya taa

Umeshaamua chipu, ubongo wa kadi unaochora picha za gemu: RTX 4060, RX 7600 au RTX 3060 ya GB 12. Unaingia dukani unakuta kadi nne zenye chipu hiyo hiyo, kila moja na bei yake, na muuzaji kidole chake kinaelekea kwenye ile ya feni tatu yenye taa za rangi. Gemu zitakimbia karibu sawa kwenye zote. Tofauti ya bei ni ya shaba, alumini na feni, kwa hiyo hapa nazipanga kwa vipoza vyake, si kwa chipu.

Kwanza wati. RTX 4060 hula wati 115, RX 7600 wati 165, RTX 3060 wati 170. Umeme wote huo unageuka joto, na sehemu kubwa yake inatoka kwenye kipande cha silikoni kama ukucha wa kidole gumba. Joto hilo linahamishwa na mabomba ya shaba yaliyolala chini ya feni. Ndani yake mna maji kidogo tu: yanachemka upande wa chipu, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, vile vibamba vyembamba vya alumini, unapoa, unarudi kuwa maji. Feni inapepea mapezi. Mapezi yakiwa machache, feni hata zikiwa sita zitapiga kelele bure.

Kingine ni chumba chako. Wapimaji wengi wa Ulaya na Marekani hupima kadi kwenye chumba chenye nyuzi 20 na kitu, tuseme 22. Kadi iliyopanda nyuzi 45 juu ya hapo wataiandika 67. Ichukue kadi hiyo hiyo uiweke Mombasa au Dar mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 32 na hakuna AC, utaiona 77, na feni zitazunguka kwa kasi zaidi. Bado ni salama, lakini nafasi uliyodhani unayo imeshaliwa. Wa Nairobi au Arusha ana nafuu, anaweza kuwa na kipoza kidogo na asijue shida yoyote.

Namba moja kwangu: feni mbili. Kwa 4060 sina hata haja ya kufikiri. MSI Ventus 2X ina sentimita 20 hivi na unene wa sloti mbili, yaani nafasi mbili za kadi nyuma ya kompyuta. ASUS Dual ni ndefu kidogo, karibu sentimita 23, na nene zaidi, sloti mbili na nusu. Unene huo ndio mapezi, naulipia bila kinyongo. Igeuze kadi uitazame mgongoni. Bodi ya 4060, ile iliyobeba chipu, mara nyingi ni fupi kuliko kipoza chake, kwa hiyo bamba la mgongo likiwa na matundu upande wa mwisho, upepo wa feni ya pili unapita moja kwa moja hadi upande wa pili. Bamba lililozibwa lote linaufanya ugonge ukuta. Kwa RX 7600 na RTX 3060, feni mbili zinatosha ikiwa kipoza ni kinene na mabomba yanafika hadi mwisho wa mapezi. Yanaonekana ukichungulia ubavuni, na muuzaji akikukataza kuchungulia, nenda duka la jirani.

Feni tatu zinafuata. Kwenye kadi ya wati 165 au 170 zinaleta utulivu: kila feni inazunguka polepole, na wewe unasikia gemu badala ya upepo. Kwenye 4060 ya wati 115 ni mapambo tu. Gigabyte Gaming OC ya chipu hiyo ina sentimita 28! Niliwahi kuleta nyumbani kadi ndefu hivyo bila kupima kesi ya kompyuta, nikaishia kukata kibanda cha hadidiski kwa msumeno wa chuma, unga wa chuma ukamwagika hadi kitandani. Rula ingenigharimu shilingi ngapi? Kadi ndefu pia huinama kwa uzito, itafutie mkono wa kuishikilia kwa chini.

Feni moja, kwa mfano Zotac Solo ya sentimita 16, ni ya mwenye kesi ndogo na chipu ya wati 115. RTX 3060 ya feni moja pwani siichukui hata ikipunguzwa bei.

Mwisho kabisa ni zile zilizofunikwa kote, zenye feni moja ya duara inayofanya kazi kama mvukuto wa mhunzi: inavuta hewa ndani ya kesi na kuitemea nje kwa nyuma. Nyingi zinatoka kwenye kompyuta za ofisini zilizofunguliwa. Zina faida moja, hazimwagi joto ndani ya kesi, lakini kelele yake utaisikia hata ukiwa umevaa hedifoni.

Ukinunua mtumba, mwombe muuzaji aendeshe gemu dakika 15, huku programu ya HWiNFO, inayoonyesha joto la kadi, ikiwa wazi. Linganisha joto la chipu na joto la sehemu yake iliyo moto zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni ya kawaida. Ikivuka 25, pesti inayopitisha joto kati ya chipu na kipoza imekauka au kipoza hakijakaa sawa. Fundi anaweza kurekebisha, ila punguza bei kwanza. Feni zikisimama kadi ikiwa haina kazi, usiogope, nyingi zimeundwa hivyo. Zizungushe kwa kidole mashine ikiwa imezimwa: inayokwaruza ina bearingi iliyochoka.

Kadi yako ikichemka hata baada ya yote haya, fungua ubavu wa kesi na ucheze tena. Joto likishuka sana, kadi haina kosa. Nunua feni ya mbele ya kesi.