Miaka mitatu na sentrifuji ya mezani, hapa Mombasa

Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya binafsi huku Majengo. Vyumba viwili, feni moja. Sentrifuji yetu, yaani mashine ya kuzungusha damu kwa kasi ili itengane, ni ile ya mezani, ya tyubu 8, mwendo wake wa juu mizunguko 4,000 kwa dakika. Hii ni ya pili. Ya kwanza niliiua mwenyewe, nitafika huko.

Kwa kazi, mashine sina ugomvi nayo. Damu ukiiacha nusu saa ikagande vizuri, kisha ukaizungusha dakika 10, seramu, yale maji ya damu yasiyo na chembe, inakaa juu safi kama samli iliyoyeyuka. Lakini unaponunua usidanganywe na mizunguko peke yake. Tyubu za jeli nyingi, zile zenye jeli ya kutenga seramu na chembe, zinataka nguvu ya g 1,000 hadi 1,300 (g moja ni nguvu ya uvutano wa dunia), na nguvu hiyo inategemea pia umbali kutoka katikati ya rota, kile kinachozunguka na tyubu, hadi chini ya tyubu. Yetu ni sentimita 10, kwa hivyo mizunguko 3,000 inanipa kama g 1,000. Yenye sentimita 6, kwa mwendo huohuo, haifiki hata g 650. Muuzaji hatakwambia.

Sasa ile marehemu. Kila jioni nilikuwa naisafisha kwa maji ya klorini, yaleyale tunayopangusia meza, kisha nafunga kifuniko isiingie vumbi. Nilijiona msafi kweli! Baada ya muda nikaanza kuona unga mweupe chini ya vikombe vya rota. Nikadhani uchafu, nikaongeza klorini. Siku moja nikamwita fundi mmoja mzee wa Mwembe Tayari, sote twamwita Ami, aje aangalie mlio. Hata mlio hakuuliza. Alichomoa kikombe, akakwangua ule unga kwa ukucha, chini yake kukatokea vishimo kama vya dengu zilizobunguliwa.

“Mwanangu, rota imeliwa hii. Usiiwashe tena.”

Rota ni ya aluminiamu, na klorini huitoboa aluminiamu. Pale palipotoboka ndipo ufa huanzia mashine ikiwa mbioni. Nasi hapa hewa yenyewe ina chumvi, hata vyuma vya madirisha vinamumunyika, halafu mimi nafungia unyevu ndani usiku kucha.

Siku hizi naosha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, si ya kisima, maana ya kisima hapa kisiwani yana chumvi. Napitisha spiriti ya asilimia 70, navipindua vikombe juu ya kitambaa vikauke. Kifuniko kinalala wazi, juu nimetandika kipande cha leso kuukuu. Tyubu ikipasukia ndani, nazima na kusubiri dakika 30 kabla ya kufungua, matone ya hewani yatue kwanza, kisha ndiyo glavu na koleo. Klorini ikinibidi, nasuuza papo hapo.

Kusawazisha tyubu kila mtu anajua, au anadhani anajua. Kijana wetu wa mafunzo alitia tyubu tatu akawasha, mashine ikatembea mezani kama kaa. Ikibaki moja haina mwenzake, mkabilishe na tyubu ya maji ya uzito uleule.

Huduma ya matengenezo ndiyo iliyoniudhi. Hii ya pili ilikuja na waranti ya mwaka mmoja na mkataba wa kuhudumiwa kila miezi sita, kwa hivyo Ami nikamweka kando. Kijana aliyetumwa na wauzaji alipangusa nje, akabandika stika yenye tarehe, akaomba sahihi. Robo saa. Kifuniko hakukifungua. Mara ya pili vivyo hivyo. Kufikia mwaka wa pili jeli ikawa haipandi vizuri, seramu inachanganyika na chembe, nami nalaumu tyubu.

Nikarudi kwa Ami, nimeinamisha kichwa. Akaja na kile kipima mwendo cha mwanga: kioo kinasema 3,000, rota inakwenda 2,700. Waweza kusema ni kidogo, ila nguvu hufuata mraba wa mwendo, kwa hivyo tulikuwa tumepoteza karibu moja ya tano. Brashi za kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota, zilikuwa zimekwisha, mota imejaa vumbi jeusi. Alibadilisha zote mbili kwa pamoja, akaizungusha tupu kwanza zikae, akapaka grisi kidogo kwenye pini za vikombe. Akanionyesha pia kitundu cha kufungulia kifuniko stima ikipotea, mwaka wa pili huo ndio nakijua. Na hata hapo, rota isimame kabisa kwanza.

Mashine naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya raba ya kifuniko, imeshaanza kulegea na wauzaji hawaiweki dukani. Mkataba wao nyota moja, ya stika. Sikuuongeza.