Majahazi ya ukutani Mji Mkongwe: ya kununua na ya kuacha

Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vimejaa picha za majahazi, nyingi zikiwa na machweo yale yale ya rangi ya machungwa. Kabla ya bei, kagua mlingoti. Wa jahazi huinamia mbele. Mchoraji wa harakaharaka huusimamisha wima kama wa meli ya Ulaya. Kisha tazama bendera: tanga likivimbia kulia, nayo ipepee huko huko. Ikipepea kinyume, aliyechora alinakili tu. Ngalawa halisi ina mrengu (ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke) kila upande; yenye mmoja tu, iache dukani.

Kwa kazi ya akriliki kwenye kanvasi, inua picha juani. Mwanga ukipenya kwenye vitundu, kitambaa hakikupakwa rangi ya msingi ya kutosha. Kingo tupu zibaki sentimita 5 kila upande, la sivyo fundi fremu atakula bahari yako. Ivingirishe rangi ikiwa nje, ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Ikiwa ndani hubanwa na kupata mikunjo isiyotoka.

Nakala za kuchapwa ziwe za karatasi ya pamba, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na wino wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka. Wino wa bei rahisi hupauka upesi ukutani penye jua. Kioo kisiguse karatasi, maana unyevu wa pwani huvigandisha na kuleta ukungu. Fremu iwe na kadibodi ya kuvitenganisha.

Namba ya penseli kwenye nakala hizo, mfano 12/100, ni nakala ya 12 kati ya 100. Uliza kama saizi nyingine zimehesabiwa humo.